Niegemee, sio nitegemee

Nimepiga kibodi kwenye hoteli za pwani tangu 2003, Bamburi, Shanzu, miezi kadhaa Diani pia, na ukiniuliza ni wimbo gani nimeupiga mara nyingi kushinda zote ukiweka kando Malaika na Jambo Bwana, ntakwambia bila kufikiria, ni Lean on Me ya Bill Withers, mwanamuziki wa Marekani. Sijawahi kuhesabu lakini piga hesabu mwenyewe, usiku tano kwa wiki, miaka kumi na saba mpaka korona ikaingia, na sikumbuki wiki hata moja iliyopita bila mgeni mmoja kuja pale mbele na glasi yake mkononi kuuomba. Miaka mingi niliupiga kama kazi tu. Nilikuja kuuelewa 2020 nikiwa nimekaa nyumbani Kisauni sina hata ya stima, na hiyo ndo nataka kuielezea hapa.

Nianze na vile niliufunzwa. Nlikuwa nimetoka kwa taarab za harusini, vidole vyangu vilizoea mbio na mapambo mengi, yaani mtu akiimba neno moja mimi nishalizunguka mara tatu. Siku ya kwanza kufanya mazoezi na bendi ya hoteli, mpiga besi wetu, ambaye sote tulimuita Ami kwa sababu alitupita umri kwa mbali, alinikamata mkono akaviweka vidole vyangu vitatu juu ya meno matatu ya kibodi, noti za C, E na G. Akasema sasa hapo usibadilishe kitu, mkono ukae hivo hivo, tembea tu. Hatua nne kupanda, hatua nne kushuka, meno meupe peke yake, hakuna jeusi hata moja. Nikatembea. Ikatoka ile sauti ambayo kila mtu anaijua. Nikamwambia Ami, mbona hii ni ya mtoto wa chekechea? Hakunijibu kwa maneno, alinionyesha ishara ya mkono tu, piga tena.

Ami ana kigugumizi. Akiongea na wewe maneno humkwama kwenye herufi za mwanzo mpaka shingo inasimama mishipa, ila akiimba hakuna kitu, yatiririka kama maji. Kwa hivo yeye haongei sana, na simu ndo haipendi kabisa, manake kwenye simu mtu hakuoni uso, ukinyamaza sekunde tano anadhani laini imekatika anakukatia. Weka hilo akilini kwa sababu tutalirudia.

Na kibodi ile ya bendi ilikuwa na F moja inayokwama. Yaani katika meno yote, hilo ndo lilikuwa bovu, na wimbo wenyewe ukipanda zile hatua nne ya juu kabisa unafikia F. C, D, E, halafu pwaa, shimo. Usiku wa kwanza mbele ya wageni nlitokwa jasho nikijua naenda kuaibika, lakini nilipofika pale juu nikasikia besi imekuja kwa nguvu, Ami ameibonyeza F yake mpaka sakafu imetetemeka na hakuna mgeni aliyejua kuna kitu hakipo. Akafanya hivo kila usiku, karibu miaka miwili mpaka tukanunua kibodi ingine, na hatukuwahi kuliongelea.

Habari za Bill Withers mwenyewe nilizipata kwa Ami kidogo kidogo, wakati wa mapumziko nyuma ya jikoni tukinywa chai, na baadaye nikasoma zaidi mwenyewe. Alizaliwa tarehe 4 Julai 1938 Slab Fork, kijimji cha wachimba makaa kule West Virginia, Marekani. Babake alifariki yeye akiwa bado mtoto wa miaka kumi na tatu. Alikuwa na kigugumizi kikali, na hapo ndo ungeona macho ya Ami yanang'aa akilisema hilo. Akaingia jeshi la majini akakaa miaka tisa, akatoka akahamia Los Angeles, akafanya kazi kiwandani kutengeneza vyoo vya ndege. Vyoo, naam. Na albamu yake ya kwanza ilipotoka 1971, ile yenye Ain't No Sunshine, picha ya mbele yuko pale pale kazini na kikebe chake cha chakula mkononi. Alikuwa mtu wa zaidi ya miaka thelathini, sio kijana wa kuokotwa akapambwa.

Sasa Lean on Me ilikuja mwaka uliofuata, 1972, kwa albamu ya Still Bill. Alikuwa amenunua piano ndogo ya umeme na hakuwa mpigaji hodari, akawa anaweka mkono na kuutembeza juu na chini bila kubadilisha vidole, yaani kitu kile kile Ami alichonifunza mimi. Maneno yakaja kwa sababu alikuwa mji mkubwa akaona watu hawajuani, akakumbuka kwao Slab Fork ambako jirani hakuwa mtu wa kuomba ruhusa kukusaidia. Alisimulia pia vile tairi lilimpasukia mashambani Alabama, enzi zile mtu mweusi barabara kama hizo anaziogopa, akatokea mzungu kutoka kilimani, akamtazama, akageuka akaenda zake, na yeye pale roho juu hajui huyu anaenda kuleta nini, kumbe yuaja na tairi, na akamsaidia kulifunga. Mimi hiyo hadithi ya tairi ndo hunigusa zaidi kushinda mambo ya namba moja, ingawa namba moja ilifika, Julai 1972 ilikaa kileleni mwa chati ya nyimbo Marekani wiki tatu.

Halafu wimbo ukakataa kuzeeka. 1987 vijana wa Club Nouveau, bendi ya Marekani, wakauchukua wakautia ngoma za kuchezeka, ukapanda tena mpaka namba moja, miaka kumi na tano baadaye, na Withers akapata tuzo ya muziki ya Grammy kama mtunzi wakati yeye mwenyewe tayari ameshaachana na biashara ya rekodi, albamu yake ya mwisho ni ya 1985, akaenda kuishi maisha yake. 1989 ikatoka filamu yenye jina hilo hilo, Morgan Freeman akiwa mwalimu mkuu wa shule ya Paterson, New Jersey, na Ami anasema aliitazama kwenye kaseti mpaka utepe ukachoka. Januari 2009, wakati Obama anaapishwa na Kenya nzima tumeganda kwenye televisheni, sisi tulikuwa kantini ya wafanyakazi, tukamuona Mary J. Blige anauimba kule Washington kwenye tamasha la kabla ya kuapishwa, na wapishi na watu wa rumu wote wakaanza kuimba na sufuria zimeachwa motoni. Pale ndo niliona mara ya kwanza kwamba wimbo sio wa watalii peke yao. Yule mama aliyekuwa akiosha vyombo, mtu wa Kaloleni, Kiingereza chake cha salamu tu, aliujua mwanzo mpaka mwisho.

Nimewaona watu wakifanya mambo mengi juu ya huo wimbo. Wazee wa Kijerumani wameshikana mabega. Bibi mmoja kutoka Uingereza aliomba tuupige, alipoanza kulia tukataka kuacha akatukatalia kwa mkono, alikuwa amefiwa na mumewe na walikuwa wakija pamoja hoteli ile kila mwaka. Harusi, tumeupiga. Kumuaga askari wa lango anayestaafu, tumeupiga. Pale katikati panapokuja makofi, hakuna haja ya kumwambia mtu apige, mikono huenda yenyewe. Na mwisho, pale maneno yanarudiwa rudiwa ya kuambiwa unipigie tu, uniite tu, watu hupunguza sauti bila kuambiwa, sijui kwa nini, lakini ni hivo miaka yote.

Mamangu alishawahi kuniuliza, huo wimbo mnaopiga huko kila siku wasemaje? Nikamwambia maana yake ni nitegemee. Akasonya. Akasema, mtegemea cha nduguye hufa yu maskini, na hao wazungu wawaambie. Na mimi nilikulia hiyo methali, kaka zangu, kwetu Majengo ilikuwa kama ukuta wa nyumba. Ukikosa, nyamaza. Ukiazima, rudisha kabla jua halijatua. Jirani asijue mmelala na nini. Babangu alikuwa pale barazani akisikiliza, hakusema kitu siku hiyo.

Basi ikaja 2020. Kesi ya kwanza ya korona Kenya ilitangazwa tarehe 13 Machi, na kabla ya mwezi kwisha hoteli yetu ilikuwa imefunga, kama karibu zote za ukanda wetu. Kafyu ya saa moja jioni, na tangu tarehe 8 Aprili hakuna kutoka wala kuingia Mombasa. Mwanamuziki anaishi kwa usiku, sasa usiku umefungwa. Meneja alikuwa na deni letu la miezi miwili akatwambia tusubiri, tukasubiri, na sitaki kusema zaidi ya hapo. Niliuza amplifaya kwanza. Halafu baiskeli ya mtoto. Kibodi nikasema hii siuzi, nikaifunika shuka ili nisiione.

Tarehe 3 Aprili, siku ya Ijumaa, habari zikatoka kwamba Bill Withers amefariki, alikuwa amekufa tarehe 30 Machi Los Angeles, moyo, miaka 81. Nikaweka picha yake kwenye status ya WhatsApp. Jioni simu ikalia, natazama, ni Ami. Ami, ambaye katika miaka kumi na saba alikuwa amenipigia labda mara mbili, na zote ni msiba. Nikadhani kuna mtu amefariki kwao Likoni. Akasema, u-u-umesikia? Nikamwambia nimesikia Ami. Tukaanza kuongea juu ya Withers, juu ya Kinshasa, manake Withers alikuja kuimba Kinshasa 1974 kwenye lile tamasha la pigano la Ali na Foreman, na Ami alikuwa na hadithi zake za enzi hizo, tukacheka hata. Karibu saa nzima. Mara tatu hivi akanyamaza, nikasikia pumzi tu, mimi nikadhani ni kile kigugumizi chake nikamsubiri kwa adabu, halafu akabadilisha maneno. Mwisho akasema haya, Mungu yupo, akakata.

Sikumuuliza lolote. Na yeye hakuniuliza. Watu wawili tumepiga wimbo ule maelfu ya mara, tunauongelea saa nzima siku tumesikia mwenyewe amekufa, na kila mmoja ameficha sufuria tupu nyuma ya mgongo. Ami alikuwa amepiga simu, kitu anachokiogopa kushinda vyote, na mimi sikusikia alichoita.

Wiki mbili baadaye nilikwenda Majengo mchana kumtazama mzee. Nlikuwa nimekonda, nikavaa shati kubwa ili lisionekane. Mama alinitengea mahamri na mbaazi nikasema nimeshiba, nimetoka kula. Babangu akanitazama. Yeye alikuwa kuli bandarini Kilindini miaka mingi, enzi za kubeba kwa mgongo kabla kontena hazijatawala, bega lake moja liko chini ya lingine mpaka leo. Akaniambia hivi, na ntaandika kama alivyosema kadiri ninavyokumbuka.

Mwanangu, lile neno la wimbo wenu mlilitafsiri vibaya na mamako. Kutegemea ni kukaa ungoje cha mwenzio. Hilo ni baya kweli. Lakini huyo asema niegemee, kama unavyoegemea ukuta ukichoka kisha ukaendelea na safari yako. Akasema, sisi kuli, gunia la kilo 90, hakuna mtu anayejitwika mwenyewe. Hata awe na nguvu vipi. Unainama, wawili wanakutwika. Unaenda. Ukifika, hujitui mwenyewe, ukijitua mwenyewe utavunjika kiuno au utapasua gunia, unasimama pale na kusema nitueni, na kuna mtu anakutua. Katikati pale ndo wewe na miguu yako. Kupanda na kushuka ni watu. Na yule asiyesema nitueni, akaona haya, huyo tulimbeba yeye jioni.

Kisha akasukuma sahani ya mbaazi mbele yangu, akatoka nje barazani ili nile bila kutazamwa.

Nimeusikiliza wimbo upya siku ile usiku, kwa simu, sauti chini mtoto asiamke. Kumbe nusu yake nilikuwa siisikii. Watu wote tunaimba ile sehemu ya mimi kukusaidia wewe, inapendeza, inakufanya ujione mtu mwema. Lakini kuna ubeti mzima anamwambia mtu ameze kiburi aseme anachokosa, kwa sababu haja usiyoionyesha nani ataijua? Na ule mzigo usioubeba peke yako, yeye yuko hapo mbele kidogo ya barabara, umuite tu. Wimbo unaomba kitu kigumu zaidi kwa yule aliyekwama kuliko yule mwenye nafasi. Mwenye nafasi kazi yake ni kuitika.

Asubuhi yake nikafungua grupu la bendi, ambalo tangu Machi lilikuwa ni dua na video za kuchekesha peke yake. Nikarekodi voisi. Nimeirekodi mara nne, tatu nikazifuta. Ya nne nikasema hivi tu, jamani nimekwama, nyumbani hakuna kitu, naomba mnitue. Nikairusha simu kitandani nikatoka nje kama mtu aliyeiba.

Nilivyorudi kulikuwa na voisi kumi na mbili. Mpiga ngoma amekwama, amefukuzwa nyumba anaishi kwa shemeji. Dada yetu muimbaji alikuwa ameanza kukaanga viazi karai Mtopanga akaona haya kutwambia. Gitaa alikuwa sawa kidogo, nduguye ana duka la jumla, na alikuwa hajui kabisa, alisema alidhani ni yeye peke yake hajauliza wenzake hali. Na Ami akaandika, hakurekodi, aliandika kwa herufi kubwa kama kawaida yake: MIMI SIKU YA TATU UJI.

Siku ya tatu uji, mtu ambaye aliniziba F yangu miaka miwili.

Sitarefusha hapo. Gitaa akatoa unga na mafuta kwa mkopo wa nduguye. Mpiga ngoma akapata tuktuk ya mtu ya kuendesha mchana, akawa anatupelekea. Dada wa viazi akatupa mimi na mke wangu kazi ya kumenya na kukata, na kwa sababu feri ilikuwa inavusha bado, Ami akawa anavuka mapema na samaki kutoka kwa jamaa zake wavuvi wa upande wa Timbwani, yeye ambaye hakuwa na kitu ndo akatuletea kitoweo. Kila jioni kabla ya kafyu mtu anatuma mia mbili au mia tatu ya M-Pesa kwa yule aliyesema leo ni yeye. Tulikubaliana neno moja, unaandika nitueni, huelezi, huombi msamaha, basi. Kuna siku ziliandikwa tatu kwa wakati mmoja na hakukuwa na wa kumtua mwenzie, tukalala hivo, ila kulala njaa ukijua wenzio wanajua si sawa na kulala njaa umejificha, nakuambia kweli.

Aprili hiyo hiyo tarehe 18 kulikuwa na lile tamasha la mtandaoni la dunia nzima kwa ajili ya wahudumu wa afya, Stevie Wonder akakaa kwa piano akauanza huu wimbo kumkumbuka Withers. Mtoto wangu akaniuliza baba, huyo kipofu amejuaje wimbo wenu? Nchi za nje watu walikuwa wakiuimba kwenye madirisha na mahospitalini. Sisi tuliutazama baadaye kwa simu moja iliyopasuka kioo, mikono inanuka viazi.

Mombasa ilifunguliwa Julai, hoteli zikachukua muda zaidi, sisi tulirudi jukwaani mwaka uliofuata kwa malipo nusu. Usiku wa kwanza wageni walikuwa meza sita, wengi Wakenya kutoka bara, na hakuna aliyeomba wimbo wowote. Ami akanigeukia akanionyesha vidole vitatu. Nikaweka C, E, G nikaanza kutembea. Kibodi nimebadilisha mara mbili tangu zamani, na hii niliyonayo haina jino lolote linalokwama, lakini tulipofika pale juu nikasikia sakafu inatetemeka, yuaibonyeza ile F yake vile vile.